Mbuzi Aliyekataa Kuamka

Kabla sijafungua mdomo, nani kafunga lile geti? Umefunga wewe? Umelivuta kufuli ukaona halivutiki? Haya, sharp, kaeni. Watu wa Tanga njooni mbele, maana mkikaa nyuma mnanikosoa kwa minong'ono. Watu wa Dar popote mtakapopata nafasi. Na nyie Wakongo mliojibanza karibu na sufuria, sogeeni kidogo na wenzenu waione. Leo nawasimulia habari za Bibi Mwenye Nyumba wangu wa Troyeville, hapa hapa Joburg, yule Mromania niliyekaa uani kwake miaka minane. Kama kuna mtu hapa ana moyo mdogo atoke sasa, kwa sababu mimi mwenyewe nikiisimulia hii hadithi goti moja linatetemeka. La pili limeshazoea.

Msiniulize alizaliwa lini wala baba yake alikuwa mtoto wa nani. Sijui. Najua katoka Romania, huko Ulaya upande wa baridi, akaja na mume fundi wa mitambo ya mgodini, mume akafa, nyumba ikabaki. Sasa na yeye amelala, Mungu ampumzishe. Nilipomkuta alikuwa mwembamba kama ufagio wa chelewa, nywele nyeupe, macho yanakagua mlango hata akiwa anaongea na wewe. Tulimfundisha shikamoo. Ukimwambia "shikamoo, Bibi," anajibu, "marahaba, umefunga geti?" Kwake hiyo ilikuwa salamu moja, haikatwi katikati.

Waoga nimewaona. Mimi mwenyewe ni mwoga wa daraja la kwanza. Lakini yule Bibi, jamani, alikuwa mwalimu wetu. Mlango wake wa mbele ulikuwa na kufuli kumi na tisa. Haya, saba. Papa Bukavu, yule Mkongo aliyepanga chumba cha pembeni na mkewe, atawaambia tano, lakini yeye alikuwa hahesabu makomeo. Kila mpangaji alipewa hodi yake ya mlangoni, namna yake ya kubisha. Mimi mbili, kimya, halafu moja. Papa Bukavu tatu za haraka. Mama Bukavu alitakiwa akwaruze kwa kucha kama paka. Ukikosea unasikia redio inazimwa ndani, halafu kimya cha kaburini.

Siku moja nimetoka kazini Fordsburg, nilikuwa mbeba mizigo kwenye duka la viungo, nimekumbatia gunia la viazi lake mwenyewe alilonituma. Mikono haina nafasi. Nikagonga kwa goti, mara moja tu. Redio ikazima. Nikaita, "Bibi, ni mimi." Nikataja jina langu, la baba yangu, na mtaa niliokulia Tanga. Nikasikia kutoka nyuma ya friji sauti nzito ya kiume, kumbe ni yeye kajikaza: "Hakuna mtu nyumbani." Nilikaa na lile gunia mpaka magharibi.

Sasa huyo huyo Bibi, siku moja katika mwaka, tarehe ishirini na nne Desemba, saa kumi alasiri, alikuwa anachukua funguo zote kwenye fungu moja zito kama nanga, anafungua mlango, anafungua nondo, anafungua geti la mtaani, anaacha wazi, tena analiegemeza tofali lisijirudishe. Troyeville. Geti wazi. Mwaka wa kwanza nilidhani kaamua kufa.

Nikamuuliza. Akaniambia kwao, mkesha wa Krismasi, watu wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba. Wanabisha hodi, unafungua, wanaiimbia nyumba yako, unawapa mkate, lozi, matunda, wanaenda. Nyumba iliyofungiwa waimbaji, au isiyoimbiwa, mtu mmoja wa humo hafiki Krismasi nyingine. Mimi nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Akasema alipokuwa msichana mdogo, enzi zile huko kwao mtu alikuwa anaogopa jirani yake kuliko mbwa, mkesha mmoja walisikia miguu mingi kwenye theluji, halafu hodi. Baba yake akazima taa. Wakakaa gizani, mama yake kamziba mdomo. Hodi mara tatu, halafu miguu ikaondoka. Asubuhi wakakuta nje nyayo za watoto, na kitambaa chekundu kilichodondoka kwenye vazi la waimbaji. Walikuwa watoto wa majirani wamekuja kuimba. Kabla Krismasi ya pili haijafika, watu wakaja kumchukua baba mchana kweupe, hakurudi.

"Na waliokuja kumchukua," akaniambia, "hawakubisha hodi."

Hiyo ikawa kauli yake. Mbaya habishi, anaingia. Anayebisha, mfungulie. Sasa wewe mtu wa kufuli saba unasema hivyo? Ndivyo alivyokuwa. Siku mia tatu sitini na nne anaogopa kufungua, siku moja anaogopa kufunga, na ile siku moja woga wake ulikuwa mkubwa zaidi.

Na mimi nilikuwa na woga wangu, nauweka mezani mapema ili msije mkanilaumu. Makaratasi yangu ya kukaa nchi hii yalikuwa yamekufa. Nimepanga foleni, nimerudishwa, nimepanga tena, nimerudishwa. Kwa hiyo geti likiwa wazi, Bibi anawaza waimbaji. Mimi nawaza mtu wa kuniuliza, "Una makaratasi?" Hilo swali lilikuwa linanijia mpaka ndotoni, linaulizwa na mama yangu mzazi.

Desemba nzima kwake ilikuwa ya kutisha, tena ilianza Novemba, na pipa.

Uani kulikuwa na pipa la bluu. Siku moja tunaona Bibi analivuta, anaweka kivulini, anafunga mfuniko na jiwe juu. Wiki moja baadaye linaanza kunuka. Jamani, harufu ile. Kunguru walikuwa wanazunguka mbali, wanapitia mtaa wa Bertrams. Na kila alfajiri Bibi anatoka na kanga, sisi tulimpa, anachomeka mpira kwenye lile pipa, anaweka mdomo, anapuliza. Ndani kunalia gulu gulu gulu. Halafu anaongea nalo kwa lugha yao, taratibu, kama unavyombembeleza mgonjwa.

Papa Bukavu akaniita chumbani kwake, kafunga mlango. "Ndugu yangu, kwa ile pipa kuko mutu."

"Mtu gani?"

"Bwana yake. Ile fundi ya mugodi. Nani aliona kaburi yake?"

Nikasema hapana, lakini kijasho kilinitoka. Tukakubaliana twende kuangalia wote watatu, Mama Bukavu mbele kwa kuwa yeye mlokole. Akainua mfuniko, akaona kichwa cheupe cha mviringo kinaelea, akapiga yowe nadhani lilisikika Bukavu yenyewe. Mimi nilishapanda ukuta. Bibi akatoka na mwiko, katukasirikia kwelikweli. Vilikuwa vichwa vya kabeji. Kabeji nzima nzima ndani ya maji ya chumvi, zinachachuka wiki sita, na asipozipulizia hewa kila siku zinaharibika. Majani yake ndiyo anayofungia nyama na mchele kwa chakula chao cha Krismasi, kinaitwa sarmale. Kuanzia siku hiyo, akiwa na kifua, kazi ya kupuliza pipa ni ya Mama Bukavu.

Halafu viatu. Tarehe tano Desemba anatuamrisha tupige viatu rangi, tuviache ndani ya geti, tukalale. Kesho yake naingiza mguu, nagusa kitu laini. Sasa mimi mtu wa Tanga. Kitu kwenye kiatu najua maana yake. Nilikitupa kile kiatu kikavuka ukuta, kikaenda kumpata mtu mtaani. Ilikuwa peremende na chungwa dogo. Kwao siku hiyo kuna mzee mtakatifu anapita kuwawekea watu zawadi viatuni. Nikamwambia, Bibi, siku nyingine mzee wenu aniwekee mkononi.

Mkitaka kujua nchi yake ilimfanya nini, nendeni naye sokoni. Mimi ndiye nilikuwa nambebea. Jua la Desemba la Joburg linachoma, maembe yamejaa barabarani, pichi zinanukia mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, yeye kavaa koti la sufu. Kwa nini? Ili afiche alichonunua. Huko kwao ukionekana na mayai, jirani anauliza umeyapata wapi. Tunatoka dukani, ananisogelea, ananong'ona, "Siagi," anatazama huku na huku. Na maembe hayataki. Anataka machungwa. Nikamwambia Bibi, machungwa ya hapa ni ya baridi, mwezi wa sita, haya yaliyobaki yamenyauka kama mashavu yangu. Hataki kusikia. Utotoni kwao chungwa lilionekana mara moja tu kwa mwaka, Krismasi, baada ya foleni ya nusu siku kwenye theluji. Krismasi isiyonuka maganda ya chungwa kwake ilikuwa Jumanne tu.

Na foleni, jamani. Akiona foleni anaingia kwanza, anauliza baadaye. Siku moja tuko mjini, watu wamepanga mstari nje ya jengo la zamani, kaingia. Mimi nikadhani ni foleni ya kukagua makaratasi. Nikamvuta, akanipiga kiganja: "Nyamaza, huenda ni sukari." Saa mbili. Kufika mbele, kumbe ni kanisa la ghorofani, wanaombea wagonjwa. Wanaume wawili wakamshika kichwa, wakamtikisa mpaka kitambaa kikadondoka. Tulipotoka nikamuuliza, "Sasa umepata nini?" Akasema, "Sijui, lakini walikuwa wanatoa bure."

Mnaweza kudhani alikuwa kichaa. Hapana. Alikuwa mfungaji. Siku arobaini kabla ya Krismasi hali nyama, hali yai, hagusi maziwa. Tulikuwa tunabishana. Mimi namwambia, Bibi, funga gani hii unakula maharage mchana kutwa? Yeye ananiambia, na wewe funga gani hiyo unangoja giza halafu unakula kama umetoka gerezani? Na katika siku arobaini hizo alikuwa hasemi uongo. Hata ule mdogo. Mama Bukavu alishona gauni la Krismasi, akamuuliza kama limempendeza, Bibi akamwambia, "Niulize tarehe ishirini na tano."

Halafu ngoja niwaambie kitu kimoja, msije mkasema namcheka tu. Sarmale yao inapikwa na kitimoto, nyama ya nguruwe. Mimi nilijiandaa kula mkate mkavu. Mwaka wa kwanza nakuta sufuria mbili. Moja ndogo, mpya, ina utepe wa kijani kwenye mshikio, na mwiko wake una utepe, na kisu chake. Alikuwa kaenda mwenyewe Fordsburg, bila mimi, na woga wake wote, kanunua nyama ya ng'ombe kwa mchinjaji wa Kiislamu. Miaka minane ule mwiko haukuingia kwenye sufuria nyingine. Mama Bukavu aliwahi kuushika, akafukuzwa jikoni.

Tarehe ishirini na tano yenyewe, televisheni haiwashwi. Kwao siku kama hiyo walimpiga risasi mkubwa wao wa nchi, yeye na mkewe, na watu wakaonyeshwa wakiwa mezani. Bibi alisema alimwogopa yule mtu maisha yake yote, na siku alipomwona amelala chini, chakula hakikupita.

Sasa mbuzi.

Waimbaji wa kwao wanakuja na mbuzi. Siyo wa kuchinja. Kichwa cha mbao, pembe, utepe mwekundu, vikengele, na taya la chini linavutwa kwa kamba, linagonga kwa, kwa, kwa. Mtu anaingia chini ya blanketi la sufu la mistari, anakishika, anacheza. Halafu mbuzi anaanguka, amekufa. Mmoja wa waimbaji anamnong'oneza sikioni, anaamka, watu wanafurahi, mwaka umekufa na umeamka. Marehemu mumewe alichonga kichwa chake. Troyeville hakuna Waromania wa kupita wanaimba, kwa hiyo tukawa sisi wapangaji. Papa na Mama Bukavu wanaimba, wana sauti hao, wanatoka mtaani, wanabisha geti lililo wazi. Mimi Mwislamu siimbi nyimbo zao, nikasema nitabeba mbuzi. Papa Bukavu ndiye wa kuninong'oneza: "Lamuka, mbuzi, chakula iko tayari." Na mimi naamka, kwa kuwa kweli ilikuwa tayari.

Ukaja mwaka wa saba wangu pale. Mnaukumbuka ule msimu, kila mtu hapa ana la kwake. Kulikuwa na kikundi cha wanaume kinapita nyumba kwa nyumba na fimbo, kinauliza makaratasi. Siku mbili kabla ya mkesha walifika mtaa wa pili kwa kinyozi mmoja Mrundi, wakamtolea godoro na kioo chake barabarani. Kioo kilikaa pale kinaangalia mbingu, hakuna aliyethubutu kukiokota.

Tukaenda kwa Bibi, wote watatu. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, midomo ya bluu, daktari kasema asishtuliwe. Sasa utasemaje bila kumshtua?

"Bibi," nikasema, "mwaka huu tukuimbie ndani. Jikoni. Polepole."

"Nyumba haiimbiwi kutoka jikoni. Mtu hajibishii hodi mwenyewe."

"Watakuja na fimbo."

"Watabisha?"

Papa Bukavu akaingilia, "Bibi, siku hizi hata mwizi iko nabisha, kusudi ajue kama uko."

Bibi akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Mkijifungia, atakayeondoka ni mimi. Nyie bado vijana. Najua ni mimi." Akaweka mkono kifuani, siyo kwa maigizo, alikuwa anausikiliza moyo.

Ile tarehe ishirini na nne, saa kumi, akafungua. Papa na Mama Bukavu walijifungia chumbani, wamesukumia kabati mlangoni, wakasema wataimba kupitia dirishani wakiona kuko salama. Mimi nikabaki. Msinisifu. Nilipiga hesabu zangu: makaratasi sina, mbio sina, ukuta umeota vigae vya chupa. Mahali pekee pa kujificha Joburg nzima ambapo hakuna mtu atakayefikiria kunitafuta ni ndani ya mbuzi. Nikaingia.

Joto lile, jamani. Mawingu meusi yamejazana, radi inatembea upande wa mashariki, na mimi chini ya blanketi la sufu la nchi ya theluji. Bibi kasimama barazani na sinia la mkate wao mkubwa wa lozi na machungwa yaliyonyauka. Hatujasikia wimbo. Tumesikia miguu. Inatoka kwenye robot, inapanda mtaa. Walikuwa mia mbili. Haya, saba. Lakini saba wenye fimbo ni mia mbili.

Wakasimama getini. Mbele bonge la mtu, ovaroli la njano, buti. Akaona geti liko wazi, nadhani hakuwa amezoea. Akainua fimbo, akagonga nguzo: ko, ko, ko.

Nikamsikia Bibi anavuta pumzi. "Wamebisha," akasema.

"Mama," akasema yule Bonge kwa Kiingereza, "nani anakaa hapa?"

"Imbeni kwanza."

"Tunauliza wapangaji. Tunataka makaratasi yao."

"Leo tarehe ngapi, kijana?"

"Ishirini na nne."

"Basi imbeni kwanza. Leo mtu hasemi shida yake kabla hajaiimbia nyumba."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka. Nyuma kulikuwa na mzee ana beji ya kanisa kwenye koti, akaanza kuguna chini kwa chini, nadhani hata hakujua. Na watu wa hapa mnawajua, wakiwa wawili ni kwaya. Wa pili akadaka, wa tatu akapanda juu, mara sauti nne, fimbo zinapiga lami, wimbo wa Krismasi wa Kizulu, mzito, unaingia mpaka kwenye mifupa. Mimi chini ya blanketi natetemeka, na taya la mbuzi linatetemeka na mimi, kwa kwa kwa kwa, na balaa ni kwamba nilikuwa ndani ya mdundo.

"Cheza," Bibi akaninong'oneza.

Nikacheza. Sijawahi kucheza vile na sitacheza tena. Bonge akaacha kuimba. "Hicho nini?"

"Mbuzi."

"Ndani yake kuna nani?"

Hapo magoti yalijiuzulu. Nikaanguka. Siyo kwa mchezo, nilianguka kama kabati. Wimbo ukakatika. Bibi hakupepesa jicho. "Amekufa," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa. Mmoja wenu amnong'oneze sikioni, aamke."

Nikaona buti zinakuja. Akachuchumaa. Nasikia pumzi zake, na mkono ukashika pindo la blanketi, hapa, karibu na sikio langu. Nikaona mwanga kidogo unaingia. Nikasoma kila nilichofundishwa madrasa, na kingine nikatunga.

"Usimfunue," Bibi akasema.

"Kwa nini?"

"Anayemfunua mbuzi akiwa amekufa anaondoka na kifo chake."

Miaka saba nimekuwa mbuzi, hiyo kanuni nilikuwa sijawahi kuisikia. Mkono ukaachia kama umeshika moto. Akainama, akanong'ona kwa Kizulu, "Vuka." Amka. Sikuamka. "Vuka, mbuzi." Akili inaniambia amka uishe mchezo, miguu inasema nenda wewe. Akaita mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imepungua. Nilibaki nimekufa. Nikaona buti zinarudi nyuma, hatua moja, ya pili, halafu mvua ya mawe ikaanza, paa za mabati mtaa mzima zikapigwa. Bibi akawagawia mkate, kila mtu na chungwa lake, akawashukuru. Wakaondoka na makoti vichwani. Hakuna aliyekumbuka makaratasi. Yule Bonge aligeuka mara tatu kuniangalia nimelala, mawe yananipiga mgongoni.

Dirisha likafunguka kidogo. "Lamuka, mbuzi, chakula iko tayari."

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Wote?"

"Wote."

"Hesabu tena."

Nilidhani Bibi atafurahi. Nimemkuta kakaa kwenye ngazi analia, sinia tupu mapajani. "Nimesema uongo," akasema. "Siku ya mfungo."

"Bibi, umeniokoa."

"Najua. Ndiyo maana nikausema. Lakini sisemi tena. Hata kwa ajili yako."

Neno hilo nililisikia, nikalipuuza. Nilikuwa na njaa.

Sasa ya mwisho. Mwaka ukazunguka. Nyumba iliimbiwa, na Bibi akafika Krismasi nyingine kama alivyosema, ila amechoka, tumemtoa barazani kwenye kiti na mito. Geti wazi, tofali lake. Papa na Mama Bukavu wamevaa, wanajiandaa kutoka mtaani. Mimi nimekaa kwenye ngazi miguuni pa Bibi, uso wazi, kichwa cha mbuzi mapajani, nafunga kamba ya taya iliyokatika. Makaratasi? Bado. Nimepanga, nimerudishwa.

Ko, ko, ko.

Naangalia, ni Bonge. Peke yake. Hana fimbo, kagonga kwa vidole, kofia mkononi. Ningeweza kukimbia, lakini nimeshawaambia habari za magoti yangu.

"Mama," akasema, "sijaja kwa kazi ile. Ile niliiacha. Nimekuja kuuliza kitu kimoja niende." Akameza mate. Akasema tangu siku ile baki yake, ile pikapu, imekufa mara nne, mkewe anaota mbuzi kasimama miguuni pa kitanda, na yeye mwenyewe akisikia kitu kinagonga, hata kijiko kwenye kikombe, anatoka nje kuangalia. Mtu mkubwa vile, jicho limezama. Nilidhani mimi ndiye mwoga wa Joburg. "Nilimwacha amelala pale chini. Niliita mara tatu. Nataka kujua tu, mama. Yule mbuzi aliamka?"

Bibi akaniangalia. Nikatikisa kichwa kidogo, hivi, nikamwomba kwa macho yote mawili. Nikaliona lile neno lake la mwaka jana linarudi, na nikajua nimekwisha.

"Aliamka," Bibi akasema. "Ndiye huyu."

Yule mtu akaja. Akanizunguka. Akatazama kichwa cha mbao, akatazama changu. Akanishika bega kwa kidole kimoja, kama unavyojaribu pasi kama ina moto, akaona mimi ni mtu wa joto, ninapumua. Akashusha pumzi iliyokaa ndani mwaka mzima. Nikadhani imeisha. Halafu mdomo wake, kwa mazoea tu, nadhani hata yeye hakuutuma, ukaniuliza:

"Una makaratasi?"

Nikainua kile kichwa cha mbuzi nijifiche nyuma yake. Na Bibi, kutoka kwenye mito yake, akamkatiza:

"We kijana, kafufuka mwaka jana tu. Makaratasi atayapata wapi mara hii?"